Ajenda ya Tatu

Ya kwanza ilikuwa pampu ya maji.
Ya pili, mbuzi wa Makame Ussi na mihogo ya watu.
Ya tatu sheha akateremsha sauti, akasema
ile kazi ya kule hotelini, ukumbi wa nyuma.
Nikanyanyua kalamu: niandike vipi, sheha?
Katibu haandiki "ile".

Wakakohoa. Madawati ya skuli ya Pwani Mchangani ni mafupi,
magoti ya watu wazima yamewafika videvuni.
Mmoja akasema: kucheza uchi.
Mwengine akasahihisha, haraka mno:
uchi ni mwisho tu, kazi yenyewe kuvua.
Kukawa kimya. Hakuna aliyemuuliza kajuaje.

Nikaandika: kuvua.
Neno lile lile nililojaza fomu ya darasa la kwanza
mbele ya "kazi ya baba".

Mwalimu Khatibu akataka ipigwe marufuku,
kazi isiyotajika mbele ya mama mzazi si kazi.
Akapigiwa makofi.
Haji Mcha, muuza barafu, akasema polepole
kwamba mkifunga ukumbi hawaendi msikitini wale,
wanahamia nyumba ya kupanga, isiyo na taa wala jirani.
Akaulizwa, wewe unajua nini?
Mimi, akasema, napeleka barafu tu.

Ndipo Bi Mwatima, nyuma kabisa, mkeka wa wanawake:
"Wake zenu hawa nimewafunza mimi viuno,
mmoja mmoja, mlango umefungwa, msondo unalia.
Hamkuita kikao."
"Hiyo ni mila, bibi," sheha alijibu. "Ile ni pesa."
"Na mimi mlikuwa mkinilipa nini? Upepo?"
Wanaume wakasoma dari.
Lakini hakukaa. Akarekebisha kanga, akaongeza,
sauti sasa imekonda:
"Ila mwari wangu sikumfunza
acheze mbele ya mtu anayetafuna chipsi."

Hilo nalo nikaliandika, neno kwa neno.

Kazija hakuwepo. Mchana hulala.
Jumapili alikuja kwangu nimwandikie barua kwa meneja:
elfu arobaini kwa usiku,
hutolewa tano ya gari, tatu ya mafuta ya kujipaka,
kumi akichelewa, hata gari likiwa lao.
Mkononi, chini ya kiwiko, duara dogo la sigara.
"Hilo usiandike," alisema. "Andika komeo.
Chumba cha kuvalia nguo kifungike kwa ndani."
Nikangoja aseme jengine. Alikuwa amemaliza.
Hakusema anaipenda kazi, hakusema anaichukia.
Akaniuliza bei ya bati.

Waliotaka marufuku, thelathini na moja.
Wasiotaka, wanne, na mmoja wao alinyanyua nusu mkono.
Katibu hapigi kura, nikashukuru.
Nina binti wa miaka kumi na minne
anayejitazama kiuno kwenye kioo cha kabati.
Mkono wangu ungepanda wenyewe,
kisha usiku ungeniuma.

Kikao kilifungwa kwa dua, saa sita na robo.
Walipokwisha kutoka, pampu nje bado ikikohoa bila maji,
nikarudi kwenye karatasi.
Chini ya Mengineyo nikaongeza mstari:
Komeo, moja. Lifungwe upande wa ndani.
Sheha akisoma kesho
atadhani ni la kibanda cha pampu.